Kipima Chumvi na Shikamoo Isiyojibiwa

Mikumi, Jumanne jioni

Kosa ni langu. Afadhali niliandike hapa kwanza.

Siku tatu kipima chumvi kimekuwa kikionyesha kwamba tangi la samaki wa baharini, lile la mapokezi ya hoteli, limepungua chumvi. Siku tatu nimeongeza chumvi. Jana samaki mmoja akafa. Nikamgeukia Mama Zuhura wa usafi, mbele ya wapishi, nikasema anamwagia tangi maji ya bomba akifuta kioo.

"Sijagusa maji yako, mwanangu," alisema, basi.

Leo asubuhi nilimwamkia shikamoo. Alinitazama, akaendelea kupiga deki.

Mchana nikaitazama chupa ya maji maalumu ya chumvi ninayosetia kipima ili kisome sawasawa. Kifuniko kimelegea, shingoni chumvi imeganda. Kwa joto hili maji yamepungua, yaliyobaki yamekuwa na chumvi kali kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa. Nikisetia kwa hayo, lazima tangi lionekane halina chumvi ya kutosha. Na chupa hiyo hakuna anayeishika zaidi yangu.

Nimeseti upya kwa chupa mpya. Kumbe chumvi ya tangi imezidi mno. Napunguza kidogo kidogo, maana nikiharakisha nitawamaliza waliobaki. Bado wanahema juu juu, sijui kama…

Mama Zuhura nilimkuta getini akitoka. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi, nikarudia shikamoo.

"Wapishi umeshawaambia?"

Walikuwa bado jikoni, nawasikia wakicheka. Nilirudi ndani kwa mlango wa nyuma, nisipite jikoni.