Uliwaambia Soko Zima, Kambo

Kambo wangu, mke mwenzangu,

Shuleni wanataka tuandike "bibi", lakini hapa kwetu bibi ni mke wa mtu, na wewe ni mama wa Baba. Kwa hiyo naandika Kambo, watanisahihisha wakitaka.

Sijui kama huko uliko mtu husalimiwa kwanza. Wewe hukupenda salamu ndefu, basi naenda kwenye habari. Sisi wazima. Baba anakwenda kazini kwenye reli siku ambazo njia iko wazi, na siku ambazo imefungwa anakaa uani akitengeneza baiskeli ambayo haijaharibika. Mama bado anapika bukari nyingi kupita kiasi, kwa sababu mkono wake haujajua kwamba umeondoka. Mado mdogo wangu ameanza shule. Rafiki yako Mama Kapinga, jirani yetu, hayupo tena. Yeye na wanawe walihamia kwanza kambi ya wakimbizi, kwa askari wenye kofia za buluu, kisha tukasikia wamepandishwa treni kwenda Kasai, "kwao", ingawa watoto wake wote walizaliwa hapa hapa Katuba. Mapapai yake yanaiva juu ya mti, na Mama amekataza mtu yeyote kuyachuma.

Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia. Ngoja, usinikatize. Nimekukasirikia na nimekulilia, yote mawili kwa pamoja, na sijui nianze na lipi.

Nianze na Jumamosi. Unakaa kwenye kigoda karibu na jiko, mimi chini katikati ya magoti yako, uzi mweusi uko mdomoni mwako, na bado unaweza kusema. "Weye na hii sura, bwana yangu alikuonaka wapi?" Bwana wetu alikuwa Kambo mwanamume, aliyekufa kabla sijazaliwa, lakini tulimgombania kana kwamba yuko chumbani anatungoja. "Angalia meno! Mbuzi anaweza kupita pa katikati." "Na hii rangi, balikupika mu chungu gani? Balisahau kukutoa ku moto?" Mimi nakujibu kwamba wewe ni mzee, huna jino la kung'atia hata ndizi, bwana atakufukuza kesho asubuhi. Unanipiga kichwani na kitana. Mama anacheka ndani ya nyumba. Nilikuwa mdogo, na sikujua raha kubwa kuliko kutukanwa na wewe.

Utani ulianza kuuma baadaye, wakati Katanga ilipojitangaza kuwa nchi yake yenyewe na sisi shuleni tukapewa wimbo mpya na bendera mpya yenye misalaba ya shaba. Wageni wakubwa walikuwa wanashuka uwanja wa ndege wa Luano, na shule zilipeleka wasichana wa kuwaimbia na kuwapa maua. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha wimbo. Ulinisikia nikijizoeza uani, ukasema naimba sawa na mlango wa gari la mizigo. Nikafurahi, maana nilijua naimba vizuri.

Mwalimu wetu tulimwita Mademoiselle. Alikuwa mtu wa hapa kama sisi, ila nywele alizinyoosha kwa kitana cha moto, na poda yake nyeupe iliishia shingoni, chini yake ukaona rangi aliyozaliwa nayo. Siku ya kutupanga aliwaweka mbele wale weupe-weupe, pamoja na mmoja asiyejua hata ubeti wa pili. Akafika kwangu. "Numbi, weye enda derrière. Mu photo utatoka noir, meusi tu, sura haitaonekana." Hakusema kwa ubaya, Kambo. Alisema kama mtu anayesogeza kiti. Wenzangu wakacheka, nami nikaenda nyuma nikaanzisha wimbo kutoka huko, na Mademoiselle akasema vizuri sana.

Jumamosi ile ukaniuliza tena nilipikwa kwenye chungu gani. Kwa mara ya kwanza sikukujibu. Ulidhani nimesinzia.

Wasichana wakubwa wa shule walikuwa na dawa yao ya weupe. Unakwangua sabuni ya kufulia, unachanganya na maji ya javel, yale ambayo Mama anatakatishia mashati ya Baba, unapaka usoni. Ikianza kuwasha, usiguse, walisema, ndiyo inafanya kazi. Nilijipaka nyuma ya choo. Ikawasha. Nikajishika mikono yangu mwenyewe ili nisijiguse. Machozi yalikuwa yanatoka na mimi nasema moyoni, inafanya kazi, inafanya kazi.

Wewe ulisikia harufu ya siku ya kufua na haikuwa siku ya kufua. Ulikuja na ndoo nzima. Ulinimwagia, ukanimwagia tena, ukanipaka mawese kwa kidole kimoja, polepole, ngozi ya mashavu ikiachia chini ya kidole chako. Hukuniuliza kwa nini. Hukunigombeza. Luano sikwenda. Nililala na mawese usoni, na Mado akazunguka nyumba nzima akitangaza kwamba nanuka kama sufuria ya sombe.

Na baada ya hapo ukaacha kunitania.

Kambo, unajua nilifikiri nini? Jumamosi ilikuja ukanisuka kimya, na iliyofuata kimya, nami nikafikiri sasa nimekuwa mbaya wa kweli. Mtu hamtanii kiwete kwa mguu wake. Nilikaa pale chini nikikuomba moyoni: sema kitu, sema meno yangu, sema bwana wetu amenikataa. Labda na wewe ulikuwa unaniogopa. Siku moja ulinishika kidevu, ukanigeuza kwenye mwanga, ukafungua mdomo, na kikohozi kikakushika. Kilipokuachia ukasema tu, "Enda uniletee mayi." Nikaenda nikakuletea maji.

Kikohozi hicho hakikwisha. Mapigano yakaanza mjini. Baba alikufunga kwa kitenge nyuma ya baiskeli akupeleke hospitali, akafika penye mapipa ya askari yaliyofunga njia akarudishwa, akajaribu njia ya pili akarudishwa. Ulikufa nyumbani, asubuhi, milio ilipokuwa imenyamaza kidogo na majogoo wa jirani wakawika kwa kuchelewa.

Kwenye kilio, unajua mwenyewe mjukuu anatakiwa afanye nini. Wanawake walinisogeza mpaka karibu na sanduku. "Numbi, mutukane muke mwenzako! Mwambie bwana sasa ni wako peke yako!" Walikuwa wanalia na huku wanajiandaa kucheka, ndiyo heshima yako uliyostahili. Nilikuwa na matusi ya kutosha, Kambo, uliniachia ghala nzima. Mdomo ukakataa. Utani unahitaji watu wawili wanaojua kwamba ni utani, na mimi sikuwa najua tena. Binamu yangu wa Likasi akanisaidia, akakuita mwizi wa wanaume, watu wakacheka, wakakuzika. Mimi nilirudi nyumbani na aibu yangu.

Sasa ndiyo nafika kwenye hasira.

Mwezi uliopita Mama alinituma soko la mjini nikachukue beseni lako la kuuzia na kigoda chako cha sokoni, vilikuwa vimehifadhiwa na mama muuza chumvi. Sikuwahi kufika kwenye meza yako. Wakati wa soko mimi niko shuleni. Nilikuwa bado natafuta nimuulize nani, nikasikia mtu anapiga kelele. "Ni yeye! Njo huyu! Njo Numbi!" Alikuwa mama wa chumvi, mnene, sijawahi kumwona maisha yangu yote. Akasimama na chumvi yake mapajani ikamwagika. "Iko vile mama alisemaka! Meusi ya kung'aa, shingo murefu, na ule mwanya! Mama alisema, mukiona mwanya wa kumalizia bantu akili, mujue ni mujukuu wangu." Wa karanga akaja, wa samaki wakavu akaja. Walinigeuza kama kitambaa. Mmoja alijua kwamba naanzisha wimbo shuleni. Mwingine akagusa shavu langu, pale palipobaki alama, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa ajili ya hilo shavu ulilia siku nzima na hukuuza kitu.

Nililia pale pale, katikati ya chumvi.

Uliwaambia wote. Uliwaambia soko zima, Kambo! Mwenye chumvi, mwenye samaki, labda na askari wa zamu. Mimi niliyekuwa katikati ya magoti yako kila Jumamosi, hukuniambia.

Mama nilimuuliza kwa ukali, karibu anipige. Akasema, "Mukubwa hamusifu mutoto mu macho yake. Ukimusifu, njo kumuonyesha ku bachawi. Anamutukana, njo mutoto anakomaa." Najua, Kambo. Nani hajui? Huko Kabongo ulikozaliwa utani ule ulikuwa mtamu kwa sababu hakuna aliyeuamini. Hapa mjini kuna watu wanaosema maneno yale yale na hawacheki. Wanayasema wakiwa na chaki mkononi. Nilitoka kwa Mademoiselle na maneno yake, nikafika kwako nikakuta maneno hayo hayo yananingoja kwenye kigoda, na sikuwa na mahali pa tatu pa kwenda. Desturi haikukosea, ilikuwa haijakutana na Mademoiselle. Na wewe ulikuwa umenishika kidevu. Ulikuwa umeshafungua mdomo.

Basi. Nimesema. Nimepoa kidogo.

Juzi Mado alirudi kutoka shuleni akaniuliza kama ni kweli pua yake imekaliwa na mtu. Utani ulikuwa tayari mdomoni, wa kwako kabisa, mzuri, ungecheka. Nikaumeza. Nikamwambia, "Mado, uko muzuri." Akaniangalia kwa jicho la pembeni, akauliza nataka kumtuma wapi. Nikarudia, mpaka akaona haya akajificha nyuma ya mlango. Baada ya hapo ndipo nikamwambia masikio yake yanaweza kupeperusha bendera. Akacheka sana, maana alishajua anasimama wapi. Nakuahidi nitakwenda hivyo na Mado, na watoto wangu nikipata, na wajukuu: neno la kweli kwanza, matusi baadaye, na matusi yasipungue. Bachawi wakisikia, wasikie.

Lakini tangu juzi kuna jambo linanizunguka. Nilipowasaidia wanawake kukuosha, nilikutazama vizuri. Shingo ni hii hii yangu. Rangi ni hii hii. Baba anasema ulipokuwa na meno, mwanya ulikuwa pale pale. Na wewe ulikuwa na kambo wako huko Kabongo, akakusuka, akakutukana ili ukomae. Kisha mjini, watu wa poda. Bwana wetu alikuwa mtu wa maneno machache, wewe mwenyewe ulisema. Basi wewe nani alikuambia? Ulikaa miaka yote hiyo ukisifu sura yako juu yangu mbele ya wauza chumvi, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukutazama machoni akakusifu.

Mimi nakuambia. Kwa barua hii nimesimama mbele yako, mkononi sina kitana wala uzi. Lala salama, mke mwenzangu. Ulikuwa muzuri, Kambo. Sitanii.

Numbi