Kazi Kando ya Kitanda cha Mama

3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, kama uzima ni kuamka. Mama nyonga yake bado haijaunga, ila mdomo haukuvunjika. Wifi na watoto hawajambo?

Kampuni ya bima imeniruhusu nijibu simu za wateja hapa nyumbani, saa nitakazo, mradi idadi itimie. Meza nimeiweka kando ya kitanda cha mama. Basi nachapa kazi kuliko nilipokuwa nikisimamiwa, maana nikimaliza mapema namgeuza, namkanda, tunasengenya majirani. Jana mteja alikuwa akieleza gari lake lilivyogongwa, mama akadakia, "Mpe pole kwanza, ndiyo umuulize namba." Mteja akauliza kama huyo ni msimamizi wangu. Nikakubali.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila mimi na mgongo wangu. Huku nimewarudisha wafanyakazi wangu wote ofisini. Mtu akiachiwa nyumbani hulala, hilo halina ubishi. Wewe ni tofauti. Lile uliloniomba kwa simu, mama ahamie kwangu, tutaangalia. Unajua kazi hainipi nafasi.

Kaka yako

9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua zangu hukuzijibu, natumai ni mgongo. Mama anakula vizuri. Mimi sina hamu.

Saa nitakazo zimegeuka saa zote; naoga simu ikiwa mlangoni. Hata hivyo idadi nilikuwa naivuka. Sasa kaja meneja mpya, kasikiliza simu zilizorekodiwa, kamsikia mama. Akaniita. "Nani huyu anayetoa pole kwa niaba ya kampuni?" Nilipomweleza, akasema Jumatatu niwe ofisini au niache kazi. Nikiacha, hatuli.

Sikubishana, kubisha nako kunataka nguvu. Gari nimeshalipanga. Jumamosi mama atafika kwako. Wewe ni bosi, jipe ruhusa.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo, wa kuulizwa hali ni mimi. Kila nikianza mkutano kwa simu, ananiita. Siku tatu kwa wiki nafanyia kazi nyumbani, na sijalala mchana hata mara moja. Wafanyakazi wangu waliposikia, wakaja kuniuliza, na wao je? Nimewaruhusu.

Angalau wewe sasa umepumzika.

Kaka yako

18 Juni

Kaka,

Shikamoo, na pole. Nafurahi mama hajambo.

Huku nimepewa kiti kizuri. Nakaa kutwa na hakuna anayeniita. Tangu nirudi, idadi sijaifikia. Meneja kanihoji kwa upole nimepungukiwa nini. Nikamwambia, "Nyumbani nilikuwa namaliza ili nikamgeuze mama. Hapa nikimaliza, naletewa nyingine."

Akafikiri sana, kisha akaniandikisha semina ya kutia watu ari.

Ukimgeuza mama, anzia begani, si kiunoni. Hatakwambia kwamba anaumia. Kwako bado anajiona mgeni.

Mdogo wako