Shemeji Yako Mwenyekiti

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko uliko? Mgongo umepona, au bado unabeba makreti kama mtu asiye na kwao? Sisi tu wazima, ila nyumba imepooza.

Kisa ni shemeji yako na binti yake, yule uliyembandika jina la Cherehani kwa maneno mengi. Shemeji yako sasa ni mwenyekiti wa kamati ya bunge inayojadili muswada wa wageni. Muswada huo ukipita, kila mwenye nyumba atalazimika kumripoti mpangaji asiye na kibali. Cherehani anafanya kazi na chama kinachowatetea wapangaji hao. Wiki ya pili hii hawasalimiani. Hata chumvi wanaombana kupitia kwangu.

Mtoto alitaka kuisoma mbele ya kamati ile barua yako, ulimoeleza kwamba kibali chako kimekwisha. Baba yake akawaka: "Huyo ni mjomba wako, si mgeni!" Naye akamjibu, "Huko aliko ni mgeni, baba." Nikamnyang'anya barua. Siri yako si yake kuianika.

Lakini nilikosa raha kabisa. Nikajiandikisha kusema mbele ya kamati mimi mwenyewe, kimyakimya. Ukinikasirikia una haki, ila jina lako sikulitaja, wala mji. Alhamisi nikaitwa, shemeji yako akanikodolea macho kana kwamba amemkuta mwizi sebuleni. Nikasimulia habari za mtu anayelala na viatu miguuni, akisikia hodi anatorokea dirishani. Akauliza kwa sauti yake ya vikao, "Shahidi, mtu huyo unamfahamu vipi?"

"Ni shemeji yako, mheshimiwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Sisi wawili hatukucheka.

Kura ni mwezi ujao na hajaniambia ataipiga vipi. Kwa kununa unamjua, yule. Ila leo asubuhi, akifunga kamba za viatu, ameniuliza kama mwenye nyumba wako anaweza kukuripoti. Nikamwambia huko bado hakuna sheria ya kumlazimisha.

Cherehani anakusalimu sana. Shangazi naye anakuombea. Shemeji yako anakusalimu pia. Anasema utulie hapohapo ulipo, na usimfungulie mlango mtu usiyemjua.

Mungu akufiche na kila jicho baya.

Dada yako akupendaye