Jina la Kwanza Orodhani

Jumatano, 23 Aprili 2025

Nimemficha Matano jambo tangu 1978, na mwili huu haunipi muda tena. Nilimwambia nilimchagua wa kwanza. Si kweli.

Ilikuwa shule ya bweni. Walimu wawili tukigawana wachezaji kwa zamu — mmoja wako, mmoja wangu. Zamu ya kwanza nilichukua mfungaji, kama kila mtu. Beki tuliamini hupatikana popote. Lakini nilimwambia Matano, beki wangu, "Wewe ndiwe jina langu la kwanza." Miaka minne hakupitika. Kitoto chembamba vile! Subhanallah, kwa neno tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Matano amekuja kutoka Galu. Mvi tupu, bado ananipa shikamoo kwa mikono miwili. Mjukuu wake Swabir yuko Marekani, anacheza ule mpira wao wa kushika mikononi. Leo timu kubwa zinaanza kuchagua vijana: siku tatu, mizunguko saba. Akatuonyesha kwenye simu. Watu watano kama makabati, Swabir mmoja wao, wanamkinga mrushaji. Mpira wenyewe hawaugusi.

"Sasa hawa wanapigania nini, Baba?" akauliza binti yangu Twaiba.

"Wanampigania mwenzao," akajibu Matano.

Miaka themanini na minne natazama mpira. Wanaokinga sikuwahi kuwatazama.

Wajuzi wa huko wanabishana, anasema Matano: wakingaji wachukuliwe mapema, au hata mwishoni watapatikana?

Ijumaa, 25 Aprili

Mzunguko wa kwanza umekwisha. Swabir hakutajwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mizunguko mitatu, kimya. Swabir amejifungia chumbani, hataki chakula. Baada ya alasiri Matano akanisogezea simu mdomoni, inarekodi. "Mwambie ulivyonichagua wa kwanza, Mwalimu. Mimi ananiona babu, namdekeza tu."

Nikasema: Swabir, anayekinga anastahili zamu ya kwanza. Nimechelewa kulijua hilo. Lakini babu yako sikumchukua wa kwanza.

Matano akacheka. "Wa pili basi. Mwalimu, usinichezee mbele ya mtoto."

Sikucheka. Twaiba akaacha kukuna nazi.

"Wa ngapi?" akauliza Matano.

Ningeweza kusema wa tano. Simu bado inarekodi, kidole chake hakisogei. Nikamtazama mtu huyu ambaye hakuna aliyempita miaka minne, nikamwambia: Mangi, beki niliyemchagua, aliamka na homa siku ya mechi, nikataka mtu wa kujaza nafasi. Orodhani hukuwamo.