Siku Tuta la Gatuanyaga Lilipovuja

Wambui, mjukuu wa cucu,

Hujambo huko mbali? Sisi tuko salama. Mama yako amefungua kibanda cha mboga huko Kimbo, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike, mkaidi kama wewe.

Umeandika kwamba unaogopa, ukaniuliza utajuaje wakati wa kusimamisha kazi hapo kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Nilipokuwa msichana, kazi yangu ilikuwa kukagua bwawa la maji ya matope kwenye kwari, yaani machimbo ya mawe, ya Gatuanyaga. Lilizuiwa na tuta la udongo, na chini yake kulikuwa na nyumba za watu. Asubuhi moja baada ya mvua, nilikuta maji yakitoka chini ya tuta, mekundu kabisa. Udongo ulikuwa unabebwa kutoka ndani ya tuta, na tuta likiliwa hivyo hubomoka.

Nilikimbia kwa msimamizi wetu, Mutua. "Zima mashine! Watu wa chini watoke!"

"Una hakika?"

"Sina. Lakini tukingoja hakika, tutaipata tukiwa ndani ya maji."

Alizima papo hapo. Wenye nyumba walipanda mlimani na watoto wao. Sisi tukawasha pampu kupunguza maji bwawani, tukafunika palipovuja kwa mchanga na kokoto, maji yapite lakini udongo ubaki. Jioni maji yalitoka safi. Tuta lilisimama, Wambui! Akina mama walinibeba juu, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Hofu niliyokuwa nayo ni hiyo hiyo yako. Hata leo nikipita pale na kuona moshi wa kupikia chai ukitoka kwenye nyumba zile, natembea kifua mbele.

Mungu akutunze.
Cucu wako