Dubu Aliyelishwa kwa Mkono wa Kushoto

LIEVEN VERHAEGEN, MCHONGAJI WA VIBAO VYA PICHA, TURNHOUT

Baba mpendwa,

Mwaka mmoja umetimia tangu ulipotutoka, na kiti chako cha dirishani bado hakijakaliwa na mtu mwingine.

Maisha yako yote uliwachonga watoto na wanyama: bata bukini akivuta kigari, mbuzi aliyevishwa kofia ya bibi harusi, paka wetu akijipenyeza katika kila picha bila kualikwa. Kabla ya kumchonga nguruwe ulikwenda kwanza kumwamkia zizini. Ulisema si adabu kumchora mtu ambaye hujamsalimu.

Tunakikumbuka hasa kibao chako cha mwisho, cha mtoto akimlisha dubu uji. Kila mchongaji anajua kwamba kibao kikipakwa wino na kupigwa chapa, karatasi huigeuza picha: mkono wa kulia kibaoni hutokea kushoto. Bwana Torfs, mwenye karakana ya chapa inayouzia shule picha, alikitazama kibao akaridhika. Karatasi ya kwanza ilipotoka, alipiga kelele.

“Mzee Lieven, umezeeka! Umesahau kugeuza! Kijiko kiko mkono wa kushoto!”

“Sijasahau kitu, bwana mkubwa. Kwani dubu kalalamika?”

“Shule hazitanunua hii!”

“Basi wauzie dubu.”

Wachapaji walicheka hadi wakaacha kazi. Wewe hukucheka. Wiki hiyo mjukuu wako Godelieve alikuwa amerudi nyumbani na alama za utepe kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa mwalimu alimfunga mkono wa kushoto ili aandike kwa wa kulia. Ulimpelekea karatasi ile.

“Babu, huyu ni mimi?”

“Ni wewe. Ila wewe unamwaga zaidi.”

Bwana Torfs alikikataa kibao, nawe ukatuachia sisi. Sasa amerudi kukitaka, ili aukate mkono ule na kupachika mwingine. Tunamjibu hapa, mbele ya wasomaji wote: hakitoki nyumbani kwetu. Pasaka hii tutakipiga chapa wenyewe, na Godelieve ndiye atakayepaka rangi, kwa mkono aliozaliwa akiupenda. Karatasi ya kwanza tutampelekea mwalimu.

Unakumbukwa na mkeo Amelberga, mwanao Joos, mkweo Coleta, ambaye ndiye mama yake Godelieve na mwandishi wa maneno haya, na Godelieve mwenyewe.

Siku zote tutakukumbuka, Baba, na mkono ule hautafungwa tena.