Kofia Juu ya Meni Swichi

Baba, shikamoo.

Nimesubiri kidogo marahaba yako. Mazoea haya, niwie radhi.

Nakuandikia kwa sababu nimeogopa na sina mwingine wa kumwambia. Mama amehamia chumba cha nyuma, cha upande wa migomba. Anasema kile chenu ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Kule nyuma hukuweka soketi, basi akavuta ekstensheni kutoka sebuleni, akaipitisha chini ya zulia, akachomeka hita, maana baridi ya mlima unaijua. Nilipokunja zulia nifagie, nikakuta limeungua. Mama analala palepale, Baba.

Nikasema tuite fundi wa umeme kutoka Ngarenaro. Akakataa. "Ukuta wa Baba Neema hautobolewi na mgeni. Wewe si alikufundisha?" Ulinifundisha, ndiyo, lakini siku zote ulikuwa umesimama nyuma yangu.

Unaikumbuka kofia yako ya sufu? Ukizima meni swichi uliitundika pale juu yake, na nyumba nzima tulijua kwamba hapo hapaguswi. Tulipogawa nguo zako, baba wadogo walichukua makoti, mimi nikaomba kofia. Shangazi akanicheka, "Mtoto wa kike na kofia ya jasho."

Jumamosi Mama alipokwenda kusali jumuiya, nikaanza. Nilijaribu testa kwenye soketi ya sebuleni, ikawaka. Nikazima meni, nikatundika kofia, nikajaribu tena, haikuwaka. Ndipo nikashika tindo. Nilitindua ukuta wa chumba cha nyuma wima kutoka darini, bila kukata kona, kama ulivyotaka, ili atakayepigilia msumari siku nyingine ajue waya umepita wapi. Bisibisi ikawa inaniponyoka.

Nilikuwa nimeshika shaba tupu niliposikia kandambili za Mama koridoni. Baadaye aliniambia kwamba njiani majirani walimweleza umeme ulikatika asubuhi na sasa umerudi. Na unaijua nyumba yetu: umeme ukirudi meni inaruka na kujizima, na Mama ndiye wa kuipandisha. Kandambili zikaenda moja kwa moja kule kwenye meni. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Hata kuuachia waya nilishindwa. Nilijua nakufa, Baba, na kwamba atakayeniua ni Mama, naye hatajua.

Kandambili zikasimama. Nikamsikia akisema taratibu, kwa sauti aliyokuwa akiongea na wewe tu, "Haya, Baba Neema. Nasubiri."

Ndipo nikauachia waya. Nilipofika koridoni nilimkuta amekaa sakafuni, kofia iko juu, haijaguswa. Nikakaa naye, tukalia mpaka tukachoka.

Soketi inafanya kazi. Ekstensheni nimeikata vipande isije ikarudi chini ya zulia. Lakini woga haujaniisha. Jirani wa kule chini bondeni ameshaniita nikamhamishie soketi iliyo karibu na sinki.

Nitakwenda. Nakuahidi sitagusa waya kabla kofia haijakaa mahali pake. Na nimenunua kufuli ya kufungia meni, kwa ajili ya nyumba ambazo hazikukujua.

Lala salama, Baba.

Mwanao,
Neema